Kimya cha Hodi na Kimya cha Posa: Kitabu cha Simu Kisichoombwa na Maana ya Ridhaa katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza juhudi za wakazi wa baadhi ya miji ya Marekani na Ulaya za kuzuia kuletewa vitabu vya simu na matangazo ya karatasi wasiyoyaomba, kwa nia ya kupunguza taka. Hoja kuu ni kwamba mgogoro huo, ijapokuwa ulionekana kuwa wa karatasi na mapipa ya taka, kiini chake kilikuwa tafsiri ya kimya: je, mtu asiyejibu amekubali au amekataa? Makala yanaonyesha kuwa utamaduni wa Waswahili una aina mbili za kimya zinazoweza kutusaidia kulijibu swali hili. Aidha, yanachambua vitenzi ambavyo Kiswahili hutumia kuueleza ukataaji wa namna hii, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa watafsiri na waandishi wa matangazo ya umma nchini Kenya.

1.0 Utangulizi

Kwa zaidi ya karne moja, kaya za miji ya Marekani zilizoea kuletewa kitabu kinene chenye majina na nambari za wenye simu. Hakuna aliyekiagiza wala aliyekilipia mlangoni. Kililetwa tu, kikawekwa kizingitini, na mletaji akaenda zake. Zamani kilipokelewa kwa furaha, kwa sababu bila hicho simu ilikuwa chombo nusu: ungewezaje kumpigia mtu ambaye hujui nambari yake? Hata hivyo, kufikia miaka ya 2000, nambari zilikuwa zimehamia katika kompyuta na simu za mkononi, ilhali kitabu kiliendelea kuja. Katika mitaa mingi havikuja vitabu vya kampuni moja tu. Vilikuja vya kampuni mbili au tatu zinazoshindana. Vingi vilitoka kizingitini vikaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka, pengine vikiwa bado ndani ya mifuko yake ya plastiki.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, watu walipoanza kulalamika walijibiwa kwamba kama hawataki kitabu, wajiondoe katika orodha ya wanaoletewa. Jibu hilo linaonekana la haki mpaka tulipime kwa mizani ya lugha. Mtu ambaye hakuwahi kujiunga hujiondoaje? Pili, mtindo huohuo wa kumhesabu mtu kuwa amekubali kwa kuwa hakusema lolote umekwisha kuingia katika simu zetu za mkononi hapa Kenya, na mara nyingi huja kwa lugha ambayo mwenye simu haielewi vyema.

2.0 Asili ya kitabu cha simu

Tarehe 21 Februari 1878, katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, ilitolewa karatasi moja iliyoorodhesha wateja 50 wa kituo cha simu kilichokuwa kimefunguliwa mjini humo mwezi uliotangulia. Orodha hiyo haikuwa na nambari hata moja. Aliyetaka kuzungumza na mtu alimtajia jina mfanyakazi wa kituo, naye akaziunganisha nyaya. Huo ndio mwanzo wa kitabu cha simu: ukurasa mmoja ambao kila aliyeupata alikuwa na haja nao.

Kurasa za manjano, yaani sehemu ya matangazo ya biashara, zina simulizi yake. Husimuliwa kwamba mnamo mwaka 1883 mpiga chapa mmoja wa mji wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, aliishiwa na karatasi nyeupe akatumia za manjano. Iwapo kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, lililo wazi ni kwamba mnamo 1886 Reuben H. Donnelley alichapisha huko Chicago kitabu kilichopanga biashara kwa aina zake. Tangu hapo kitabu cha simu kikawa na sura mbili. Sura ya kwanza ilimhudumia msomaji anayetafuta nambari. Sura ya pili ilimhudumia mfanyabiashara anayemtafuta msomaji. Sura hii ya pili ndiyo iliyolipa gharama zote, na ndiyo inayotueleza ni kwa nini kitabu kiliendelea kuletwa hata pale kilipokosa msomaji.

3.0 Kwa nini kitabu kiliendelea kuja

Tunaweza kutaja sababu tatu kuu.

Sababu ya kwanza ni biashara ya matangazo. Mwenye duka la maua au fundi wa mabomba alilipia nafasi katika kurasa za manjano kwa kuamini kwamba kitabu kitafika katika kila nyumba ya mtaa wake. Wingi wa vitabu vilivyogawanywa ndio uliokuwa bidhaa yenyewe. Kwa hivyo mchapishaji aliyempunguzia orodha mtu mmoja asiyetaka kitabu alipunguza kile anachouza. Ni muhali kumtarajia mfanyabiashara apunguze mauzo yake kwa hiari pasipo msukumo wowote.

Sababu ya pili ni uamuzi wa mahakama. Katika jimbo la Kansas, kampuni ya Feist iliyochapisha vitabu vya maeneo mapana ilinakili majina na nambari kutoka kitabu cha kampuni ndogo ya simu iliyoitwa Rural. Rural ilikuwa imechomeka majina kadhaa ya kubuni katika orodha yake, na manne kati ya hayo yakakutwa katika kitabu cha Feist. Wizi, kwa macho ya kawaida, ulikuwa umethibitika. Lakini mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba majina, miji na nambari za simu zilizopangwa kwa alfabeti ni mambo ya hakika yasiyokuwa na ubunifu, hivyo hayalindwi na hakimiliki. Uamuzi huo ulikiondoa kizuizi kikubwa. Yeyote mwenye mtambo wa kupigia chapa na wauzaji wa matangazo angeweza kutoa kitabu chake, na nyumba moja ikaletewa vitabu viwili au zaidi vyenye nambari zilezile.

Sababu ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba gharama ya kukitupa kitabu haikumwangukia aliyekileta. Ilimwangukia mwenye nyumba aliyekiinua, na jiji lililotuma lori kukizoa. Kitabu cha simu kilichapwa kwa karatasi nyembamba ya hali ya chini, yenye nyuzi fupi. Kinaweza kuchakatwa upya, lakini nyuzi za karatasi huzidi kufupika kila zinapochakatwa, gundi ya mgongoni sharti itengwe, na mfuko wa plastiki ukiachwa hunasa katika mitambo ya kuchambulia taka. Kwa maneno mengine, kitabu kilichokuja bure hakikuondoka bure. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipokuwa na faida, mwenyeji alipona kweli. Faida ilipokwisha, mwenyeji aliachiwa kazi ya kumsindikiza kila mwaka.

4.0 Seattle: haki ya kukataa na haki ya kusema

Mji uliolishughulikia suala hili kwa ukamilifu zaidi ni Seattle, katika jimbo la Washington. Mnamo Oktoba 2010 baraza la jiji lilipitisha sheria yenye nguzo tatu. Mchapishaji wa kurasa za manjano alitakiwa kuwa na leseni ya kugawanya vitabu. Alitakiwa kulipa ada ya senti 14 za dola kwa kila kitabu, ili kufidia gharama za jiji. Tatu, jiji liliweka sajili ambamo mkazi angeandika jina lake mara moja na kuwazuia wachapishaji wote kumletea, nao wachapishaji walilazimika kuitangaza sajili hiyo katika vitabu vyao. Sajili ilianza kazi mwaka 2011.

Tuzingatie kwamba sheria hiyo haikupiga marufuku kitabu. Haikubadili hata kanuni ya msingi, kwani aliyenyamaza aliendelea kuletewa. Ilichofanya ni kuurahisisha mlango wa kutokea. Hata hivyo, wachapishaji walikwenda mahakamani. Walidai kwamba kitabu chao ni maandishi kama gazeti lilivyo maandishi, na kwamba jiji halina mamlaka ya kuwatoza ada wala kuwalazimisha kuchapa ujumbe wasioutaka. Aidha, walisema tayari walikuwa na utaratibu wao wenyewe wa kuwaondoa wasiotaka, na mnamo 2011 vyama vyao vilifungua tovuti ya nchi nzima kwa kazi hiyo.

Mahakama ya kwanza ililiunga mkono jiji. Lakini tarehe 15 Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ya Eneo la Tisa iliupindua uamuzi huo. Majaji walisema kwamba kitabu cha kurasa za manjano hakina matangazo pekee. Kina orodha za nambari, ramani na habari za jamii, kwa hiyo kinastahili ulinzi kamili wa Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani linalohusu uhuru wa kusema. Waliongeza kwamba jiji lingeweza kutumia njia nyepesi zaidi, kwa mfano kuwatoza faini wachapishaji wanaovunja ahadi zao wenyewe za kutowaletea waliokataa. Mwaka 2013 Seattle iliifunga sajili yake.

San Francisco ilikuwa imethubutu zaidi. Mnamo 2011 baraza lake lilipitisha jaribio la miaka mitatu lililogeuza kanuni yenyewe juu chini: kitabu kisiachwe mlangoni ila kwa aliyekitaka. Jaribio hilo nalo lilisitishwa kwa sababu ya kesi ya Seattle.

Ni haki kuusikiliza upande wa wachapishaji. Walikuwapo wazee na watu maskini waliokitegemea kitabu kwa kuwa hawakuwa na kompyuta. Yalikuwapo maduka madogo yaliyopata wateja wake kwa tangazo la kurasa za manjano. Tena uhuru wa kusema ni ngao ya kila mwandishi, na serikali inayoweza kukitoza ada kitabu kisichopendwa inaweza kesho kukitoza gazeti lisilopendwa. Lakini hoja hizi zote zinatetea haki ya kuchapisha na haki ya kupokea. Hazitetei kwa nguvu ileile desturi ya kukiacha kitabu mlangoni pa mtu ambaye hakuulizwa.

5.0 Amsterdam: kanuni iliyogeuzwa

Nchini Uholanzi, kwa miaka mingi, mkazi asiyetaka matangazo yasiyo na anwani alibandika kibandiko cha kukataa juu ya sanduku lake la barua. Asiyebandika kitu alihesabiwa kuwa anataka. Kuanzia tarehe 1 Januari 2018, jiji la Amsterdam liligeuza utaratibu huo ili kupunguza taka za karatasi. Sanduku lisilokuwa na kibandiko likahesabiwa kuwa halitaki matangazo. Anayeyataka ndiye anayebandika kibandiko cha kuyakubali. Wachapishaji na wagawanyaji wa matangazo walipinga mahakamani, na tarehe 24 Septemba 2021 Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo iliamua kwamba jiji lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Miji mingine, ikiwemo Utrecht na Rotterdam, ilifuata nyayo.

Zipo pia nchi ambako kitabu kiliondoka bila mabishano makubwa. Ufaransa ilianza mapema kuwapa wenye simu mtambo mdogo wa Minitel uliowawezesha kuitazama orodha ya nambari. Uliwafikia wananchi kuanzia mwaka 1982 na kuzimwa tarehe 30 Juni 2012. Nchini Uingereza, kurasa za manjano zilizoanzia Brighton mwaka 1966 zilimaliza safari yake ya karatasi hukohuko Brighton mnamo Januari 2019. Hata hivyo, kifo cha kitabu hakikulijibu swali tulilolianza. Kiliondoa karatasi, hakikuondoa dhana kwamba kimya ni kukubali.

6.0 Kimya cha posa na kimya cha hodi

Tukiutazama mgogoro huu kwa jicho la utamaduni wa Waswahili, tunakuta kwamba Seattle na Amsterdam zilitofautiana katika kukisoma kimya. Nasi tuna njia mbili za kukisoma.

Njia ya kwanza ni kimya cha posa. Katika fikihi ya Kiislamu inayofuatwa na Waswahili wengi wa pwani, mwanamwali akiulizwa kuhusu posa na akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa idhini, kwa kuwa haya humzuia kutamka. Lakini tuangalie masharti yake. Kwanza, ameulizwa. Pili, ameulizwa na mtu anayestahili kumwuliza. Tatu, swali ni moja na linajulikana. Kimya hicho kina maana kwa sababu kimetanguliwa na swali.

Njia ya pili ni kimya cha hodi. Mgeni hufika mlangoni akabisha hodi. Akiitikiwa karibu, huingia. Asipoitikiwa, hubisha tena, na hata mara ya tatu. Kukiwa kimya, hurudi alikotoka. Hakuna Mswahili atakayesema, 'Nilibisha hodi wakanyamaza, basi nikaingia nikaketi.' Hapa kimya ni kukataa, au angalau ni kutoruhusu. Mlango wa mtu hauhitaji kibandiko ili uheshimiwe.

Waliotetea utaratibu wa kujiondoa walikisoma kimya cha mwenye nyumba kama kimya cha posa, ilhali hakuna swali lililoulizwa. Amsterdam ilikisoma kama kimya cha hodi. Makala haya yanashikilia kwamba usomaji wa pili ndio wenye haki zaidi panapohusika mlango wa mtu, kwa sababu unamtwika mzigo wa kutenda yule anayefaidika. Anayetaka kuingia ndiye anayebisha. Mwenye nyumba aliyelala, aliye shambani, mgonjwa au asiyejua kusoma hapotezi haki yake kwa kuwa hakusikia.

7.0 Uchambuzi wa lugha

7.1 Mofimu moja na mzigo wake

Tulinganishe sentensi mbili zifuatazo:

(a) Usipojibu, utaletewa kitabu.
(b) Usipojibu, hutaletewa kitabu.

Kishazi tegemezi ni kilekile katika sentensi zote mbili. Tofauti iko katika kiambishi cha mwanzo cha kitenzi kikuu: u- katika (a), na hu- katika (b), ambacho ni muungano wa ha- ya ukanushi na u- ya nafsi ya pili umoja. Kwa sauti ni tofauti ndogo sana. Kwa maana, sentensi (a) inamtaka asiyehitaji kitabu atafute anwani, ajaze fomu na angoje; sentensi (b) inamtaka anayekihitaji afanye hayo. Tani za karatasi zinaweza kuning'inia juu ya mofimu hiyo moja, maana watu wengi, wawe wanataka au hawataki, hawajibu kabisa.

7.2 Kauli ya kutendua

Mwanafunzi anajua kwamba vitenzi kama fungua, tegua, vua, anua, ezua na bandua vinabatilisha vitendo vya funga, tega, vaa, anika, ezeka na bandika. Sifa yao ni kwamba kila kimoja kinadai kitendo cha awali kiwe kimefanyika. Huwezi kuanua nguo ambayo haikuanikwa, wala kutegua mtego ambao haukutegwa. Kitenzi ondoa hakina umbo la kutenda lililo hai leo, lakini kina dai lilelile: kinachoondolewa kilikuwapo. Kikitiwa kirejeshi, tunapata jiondoa, na maana yake ni kwamba mhusika alikuwa ndani na sasa anajitoa.

Basi tangazo linalosema 'Unaweza kujiondoa wakati wowote' linapenyeza dai ambalo halikuthibitishwa, kwamba msomaji aliwahi kuingia. Linamfanya mtu ambaye hakuulizwa aonekane mwanachama anayejitoa. Kitenzi kataa nacho hakitoshelezi, kwani kukataa kunatanguliwa na kupewa au kuulizwa. Mwenye nyumba wa Seattle hakuwa ameingia wala hakuwa ameulizwa.

7.3 Kuletewa na kuagiza

Kitenzi letewa kina mzizi -let-, kiambishi -e- cha kauli ya kutendea, na -w- ya kauli ya kutendwa. Katika 'Mkazi ameletewa kitabu', mkazi ni kiima cha sentensi, lakini kimaana si mtenda. Ni mtu anayefikiwa na tendo. Mtenda halisi, yaani mletaji, anaweza kuachwa bila kutajwa na sentensi ikabaki sahihi. Katika 'Mkazi ameagiza kitabu', mkazi ni kiima na ni mtenda pia. Kuhama kutoka kuletewa hadi kuagiza ni kumrudishia mtu utendaji wake. Kwa hakika hayo ndiyo mageuzi ya Amsterdam yaliyoelezwa kwa vitenzi viwili.

7.4 Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(i) Ridhaa ya kutamka: utaratibu ambamo mtu hahesabiwi kuwa amekubali mpaka aseme au atende jambo la kuonyesha kwamba amekubali.
(ii) Ridhaa ya kudhaniwa: utaratibu ambamo mtu huhesabiwa kuwa amekubali mpaka aseme hataki.
(iii) Kuzuia kuletewa: kitendo cha mtu ambaye hakujiunga cha kusimamisha asichokiomba.
(iv) Kujiondoa: kitendo cha mtu aliyejiunga kwa hiari yake, kisha akabadili nia.

Faida ya kuzitenganisha (iii) na (iv) ni kwamba mwandishi wa tangazo atalazimika kujiuliza kwanza kama msomaji wake aliwahi kujiunga.

8.0 Funzo kwa Kenya

Mwandishi wa makala haya ana nyanya asomaye Kiswahili pekee. Kwa miezi kadhaa salio la simu yake lilikuwa likipungua kila siku kwa shilingi chache. Ilipochunguzwa, ilibainika kwamba alikuwa akipokea ujumbe wa vichekesho ambao hakukumbuka kuuomba. Alipouliza, mhudumu alimjibu kwa upole: 'Lakini mama, hujatuma neno la kusimamisha.' Neno hilo lilikuwa mwishoni mwa kila ujumbe, kwa Kiingereza na kwa ufupisho. Nyanya alikuwa amenyamaza, na kimya chake kilikuwa kikilipishwa.

Hapa hakuna karatasi inayokwenda jaani, lakini muundo ni uleule wa kitabu cha simu: kitu kisichoombwa, gharama inayomwangukia mpokeaji, na mlango wa kutokea uliofichwa.

Sheria yetu imekwisha kuchagua upande. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua ridhaa kuwa ni ile iliyoonyeshwa waziwazi, kwa hiari, na mtu anayejua anachokikubali. Kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya data jukumu la kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kinampa mwenye data haki ya kuiondoa. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kwa istilahi zetu, sheria hiyo imesimama upande wa ridhaa ya kutamka, yaani upande wa hodi.

Linalobaki ni kazi ya lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ridhaa ya mtu anayejua anachokikubali haiwezi kupatikana kwa lugha asiyoijua. Kwa hivyo wahitimu wa idara za Kiswahili wana nafasi yao katika kuandika fomu, jumbe na matangazo yanayoomba ridhaa. Tutoe mfano wa namna mbili za kuandika tangazo moja:

Namna ya kwanza: 'Iwapo hutatujulisha vinginevyo, tutachukulia kuwa umeridhia kuendelea kupokea huduma hii. Unaweza kujiondoa wakati wowote.'

Namna ya pili: 'Je, ungependa kuletewa ujumbe huu? Kila ujumbe utakugharimu pesa. Ukitaka, jibu NDIYO. Usipojibu, hutaletewa tena na hutatozwa chochote.'

Namna ya kwanza ina sarufi safi na adabu ya juujuu, lakini haikuuliza swali lolote. Namna ya pili inauliza, inataja gharama, inaonyesha njia ya kukubali na inaheshimu kimya. Ndiyo hodi iliyoandikwa.

9.0 Hitimisho

Kitabu cha simu kilianza kama karatasi moja iliyotakiwa na kila mmoja wa watu 50, kikaishia kuwa mzigo ulioachwa katika milango ya watu ambao hawakuuomba. Tumeona kwamba kilichokidumisha ni biashara ya matangazo, ushindani, na gharama iliyosukumiwa wengine. Tumeona pia kwamba Seattle ilishindwa mahakamani hata pale ilipotaka tu kurahisisha ukataaji, wakati Amsterdam ilifaulu ilipoligeuza swali lenyewe. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, funzo kubwa ni kwamba lugha haikai kando ya mambo haya. Inaweza kumwingiza mtu mahali asipowahi kukanyaga kwa kitenzi kimoja tu, na inaweza kumlinda kwa kiambishi kimoja tu. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tusiwaachie wafanyabiashara peke yao kazi ya kuutafsiri mshindo huo.

Maswali ya mjadala darasani

1. Kusanya jumbe tano za matangazo zilizotumwa kwa simu yako. Zipi zinatumia ridhaa ya kutamka na zipi ridhaa ya kudhaniwa? Toa ushahidi wa vitenzi na viambishi.
2. Je, kitenzi kusitisha kingefaa zaidi kuliko kuzuia katika istilahi ya (iii) hapo juu? Jadili ukizingatia dai la awali la kila kitenzi.
3. 'Uhuru wa mchapishaji wa kusema huishia mlangoni pa msomaji.' Jadili kauli hii kwa kurejelea kesi ya Seattle.
4. Eleza hali moja katika jamii yako ambamo kimya huhesabiwa kuwa ni kukubali, na nyingine ambamo huhesabiwa kuwa ni kukataa. Ni masharti gani yanayozitofautisha?